Hewa Iliyobaki Chini

Siku Mama Albertine aliposhikishwa ile karatasi, mikono yake ilikuwa bado na povu la sabuni. Alikuwa anaosha mikasi ya upasuaji katika chumba chake cha nyuma, akasikia anaitwa, akaenda akijifuta kwa aproni. Wauguzi wote wa kliniki walikuwa wamesimama koridoni. Mbele yao alikuwa Georges, msimamizi, shemeji wa daktari mwenye kliniki, kijana wa miaka thelathini na kitu ambaye hakuwahi kushika kidonda cha mtu maisha yake yote.

"Mama Albertine," alisema akiinua vidole vinne, "banamuke bane. Bane! Katika majuma matatu. Bote balipasuliwa hapa, bote kidonda kimeoza. Docteur anapasua muzuri, dawa iko muzuri. Vyombo vinatoka kwako. Donc, basi?"

"Donc nini, Monsieur Georges?"

"Donc weye hauoshi muzuri."

Akampa karatasi. Ilikuwa demande d'explication, barua ambayo kila mfanyakazi wa Likasi anaijua na kuiogopa: eleza kwa maandishi, ndani ya saa arobaini na nane, kwa nini usiadhibiwe. Albertine aliisoma pale pale, mara mbili, huku maji yakichuruzika kutoka vidoleni na kuharibu wino. Hakuna aliyemtazama. Hélène, muuguzi mkuu, ambaye walifanya kazi pamoja miaka tisa, aliangalia viatu vyake.

Hasira ilimpanda Albertine hata masikio yakamziba. Aliona midomo ya Georges ikiendelea kucheza, asisikie neno. Miaka ishirini na sita alikuwa katika kazi hiyo ya kusafisha vyombo, kwanza hospitali ya zamani ambako alifundishwa, kisha hapa. Miaka ishirini na sita, na hakuna mwanamke hata mmoja aliyerudi na usaha kwa sababu ya mikono yake.

Na mwanamke wa nne alikuwa Emmanuella. Huyo ndiye aliyemkaa moyoni. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na minne, sauti ya pili katika kwaya ya parokia, ambako Albertine naye aliimba. Alizaa mtoto wake wa kwanza kwa upasuaji, mtoto mzima, mama mzima. Siku ya tano homa ikampanda. Siku ya tisa Docteur Nicolas, mwenye kliniki, akamfungua tena, na ili asife, akamtoa kizazi.

Albertine alirudi chumbani mwake, akafunga mlango, akageuka kuitazama otoklavu.

Ilikuwa chungu kikubwa cha chuma, kirefu hadi kifuani pake, chenye kifuniko cha kukazwa kwa skrubu sita. Chini kinawekwa maji, juu ya maji vinapangwa vyombo vya upasuaji vilivyofungwa katika vitambaa. Umeme unachemsha maji, mvuke unajaa, na mshale wa presha unapanda hadi alama nyekundu. Kwenye kifuniko kuna robinet, bomba dogo la kufungulia, lenye mrija unaoshuka ndani mpaka karibu na maji.

Majuma matatu nyuma, Georges aliingia humu akamkuta amekaa na robinet iko wazi, mvuke ukipiga kelele hadi dirishani; umeme ulikuwa umekatika, na jenereta ilinguruma uani.

"Mama, unafanya nini? Courant haiko, tunatumia groupe, na weye unatupa muvuke inje!"

"Ni dakika kumi tu, Monsieur Georges. Lazima hewa itoke kwanza."

"Hewa? Hewa iko kila mahali, mama. Hewa inaua muntu? Funga toka mwanzo. Mushale ikifika kwa rouge, tosha. Ile dakika kumi ni mafuta ya groupe."

Alibisha. Alimweleza mara mbili, akaenda hata kwa Docteur Nicolas, naye alikuwa anavaa glavu akasema, "Panga na Georges." Basi akapanga na Georges. Alifunga. Kwa mkono wake mwenyewe, kila asubuhi, kwa majuma matatu, alifunga robinet kabla maji hayajachemka, na kila mara moyo ukamkataza, na kila mara akaunyamazisha.

Sasa alisimama mbele ya chuma kile akaona kwamba Georges hakuwa peke yake mtu wa kukasirikiwa. Hilo likamchoma zaidi.

Maana yeye alijua. Alifundishwa na marehemu Banza, fundi wa mashine wa hospitali ya zamani, mzee mkali aliyekataa mtu aguse otoklavu kama hajui kinachotokea ndani yake. "Usiniambie joto, joto," alikuwa akisema. "Niambie nani anafanya kazi mule." Ndipo akamweleza kwamba maji ni vipande vidogo mno, molekyuli, visivyoonekana kwa jicho. Katika barafu vimeshikana, kila kimoja mahali pake, vinatetemeka tu. Katika maji vinateleza, kimoja juu ya kingine, lakini bado vinavutana. Ukivipa joto la kutosha vinaachana kabisa, vinaruka huku na huku kwa kasi, vinagonga chuma, na kule kugonga kwao, mamilioni kwa mamilioni bila kupumzika, ndiko presha.

"Na kwa nini tunafunga chungu?" Banza alimuuliza. "Hapa Likasi tuko juu, hewa ya kukandamiza maji ni kidogo, sufuria inachemka hata kabla ya digrii mia. Kuna vidudu vinavyocheka mia. Ukifunga, mvuke unakandamiza maji, vipande vinashindwa kutoka mpaka vipate nguvu zaidi. Njo maana joto linapita mia, linafika mia na ishirini. Hapo hakuna kinachocheka."

Yote hayo Albertine aliyajua, na alikuwa amefunga.

Hakuandika jibu la barua. Saa saba mchana alivua aproni, akatembea mpaka barabara ambako malori hupita kupeleka salfa kwenye viwanda vya asidi, ile ya manjano ambayo wenyeji huiita soufre. Kandokando, kwenye mashimo ambako magari huruka, vipande vyake huanguka kila siku na watu huvikanyaga bila kuvitazama. Aliokota konzi moja, akaitia katika mfuko wa plastiki. Banza ndiye aliyemwonyesha pia jambo hilo, siku ambazo karatasi za kupimia zilikuwa zimekwisha: salfa haiyeyuki katika maji yanayochemka. Inahitaji joto lipite mia na kumi kwanza. Ikiyeyuka, vyombo vimesalimika. Ikibaki unga, vyombo ni vichafu, hata ving'ae namna gani.

Kesho yake asubuhi aliingia ofisini kwa Docteur Nicolas bila kubisha hodi.

"Docteur, ile explication yangu siwezi kuiandika. Iko katika otoklavu. Kuja uione."

"Mama Albertine, niko na bagonjwa."

"Uko nao, njo. Na minye niko nao. Emmanuella ni mugonjwa wako ao ni wangu?"

Hakuna mtu aliyewahi kusema na daktari hivyo katika kliniki ile. Pengine ni mshangao tu uliomwinua. Alikuja, Georges nyuma yake, na Hélène nyuma ya Georges.

Albertine alisaga salfa mbele yao, akaitia katika vichupa viwili vya dawa vilivyokwisha, akaviziba. Kimoja alikiweka juu kabisa ya vyombo. Kingine alikitumbukiza chini, katikati ya vitambaa. Akakaza skrubu sita. Kisha akamwambia Georges, "Funga robinet. Weye mwenyewe. Kama vile ulisema."

Georges alifunga. Maji yalichemka, mshale ukapanda hadi kwenye alama nyekundu, wakangoja dakika ishirini zote. Georges alikuwa anatabasamu. "Unaona? Rouge."

"Ninaona."

Presha iliposhuka alifungua. Kichupa cha juu kilikuwa na kimiminiko kizito rangi ya asali. Akazamisha koleo, akatoa cha chini, akakitikisa mbele ya uso wa daktari. Kilikuwa na unga wa manjano, mkavu, vilevile alivyouweka.

Hélène alishika mdomo. "Lakini mushale ilifika!"

"Mushale haijue nani anagonga," Albertine alisema. "Mule ndani kuna hewa na kuna muvuke. Bote banagonga chuma, mushale inahesabu bote. Lakini hewa ni nzito kupita muvuke. Muvuke unapanda, hewa inabaki chini, inakaa katika vitambaa. Na hewa haina kazi mule! Muvuke ukigusa chuma baridi unarudi maji, na pale unaporudi maji unaacha joto lake lote juu ya mukasi. Hewa inagusa, inapita. Hii robinet ni ya kutoa hewa. Paka hiyo, hiyo tu. Njo kazi ya dakika kumi."

"Soufre ya chini pengine haiko sawa na ya juu," alisema Georges. "Muntu anaweza kupanga hiyo."

Albertine alimgeukia. Kwa mara ya kwanza siku hizo mbili Georges alirudi nyuma hatua moja.

"Jaza weye," daktari alimwambia Georges. Alisema polepole, hakuwa akimwangalia mtu. "Vyote viwili. Kutoka mufuko moja. Na weye, mama, fanya vile ulifundishwa."

Safari hii robinet ilibaki wazi. Mwanzoni ilitema hewa na matone kwa kukohoakohoa, kisha mvuke ukatoka mfululizo, mweupe, kwa nguvu, na Albertine akahesabu dakika kumi kwa saa ya ukutani. Akafunga. Wakangoja tena. Alipofungua, vichupa vyote viwili vilikuwa na asali.

Docteur Nicolas alivishika mkononi kwa kitambaa muda mrefu. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyekula kitu kibovu. Mwisho aliichukua ile demande d'explication iliyokuwa juu ya meza, akaichana vipande viwili.

"Imeisha," alisema. "Toka leo robinet ni ya Mama Albertine, hakuna muntu wa kumuingilia. Georges, tutasemezana." Kisha akashusha sauti. "Ila hii mambo ibaki hapa, kati yetu bane. Bantu ba inje habataelewa."

Albertine alidhani atapoa, kwa kuwa ameshinda. Badala yake alihisi damu inachemka upya. Hawataelewa? Yeye mwenyewe aliacha shule akiwa darasa la sita, na alikuwa ameelewa.

"Docteur, Emmanuella ataelewa," alisema. "Mwili ni wake."

Akatoka. Alimsikia Georges akimwita, akamsikia daktari akisema "Mama, ngoja," hakungoja. Alipita korido, akaingia wodini. Emmanuella alikuwa amelala upande, mtoto kifuani, na mumewe Élie ameketi kwenye kiti cha plastiki akimmenyea ndizi.

Albertine alisema amesimama. Hakukaa, hakumshika mkono, aliogopa akimshika atalia na kilio kitachukua nafasi ya maneno. Alieleza yote: robinet, hewa, mvuke, salfa. Alitaja nani aliamuru na nani alikataa kusikiliza. Élie aliacha ndizi.

Emmanuella alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali moja.

"Na ule aliyefunga, kila siku, ni nani?"

"Ni minye."

"Ulijua?"

"Nilijua. Nilisema, halafu nilifunga."

Emmanuella alimtazama kwa macho makavu, makali, na Albertine hakuyakwepa. Mlangoni Docteur Nicolas alikuwa amefika, akasimama na koti lake jeupe asijue aingie ama arudi.

"Élie," Emmanuella alisema, bila kumwondolea Albertine macho, "enda kuita mama yangu. Na bakubwa ba familia bote. Bakuje leo." Akavuta pumzi kwa maumivu, akamweka mtoto vizuri. "Weye Mama Albertine utarudilia maneno hii mbele yao, vile vile, na jina la kila muntu. Na docteur hapa hatatoka."

"Nitarudilia," alisema Albertine.

Élie alimpita daktari mlangoni kwa bega, bila kumwomba radhi, akaenda.