Mawe Matano ya Ghala la Mpemba

Atupele alikuwa hajala tangu jana, na si kwa kukosa ugali. Salum dereva alikuwa rumande kwa ajili ya mahindi aliyoyapima Atupele mwenyewe, mpimaji wa ghala. Kila gunia lilitoka ghalani Mpemba likiwa kilo mia. Kufika Dar es Salaam, kila moja limepungua nusu kilo. Tajiri Abdulwahab, mwenye ghala, hakutaka maneno mengi: dereva kachoma magunia njiani kwa bambo, kile chuma chenye mfereji, kanyonya mahindi kidogo kidogo. Haya, mwambie siyo, kama una ubavu! Tangu serikali iwaachie watu binafsi biashara ya mahindi, wenye maghala walimwona kila mtu mwizi.

Nuria, mke wa Salum, alikaa getini na mtoto mgongoni. Halii, hasemi, anamtazama Atupele tu. Afadhali angemtukana.

Ndipo bwana vipimo akaja kukagua mizani, na mawe yake mwenyewe. Akapanga matano, kilo ishirini ishirini. Mshale ukapita mia.

"Mizani yenu inazidisha. Nani aliirekebisha?"

"Mimi," Atupele akajibu. "Niliweka mawe yetu, mshale ukagoma kufika mia. Nikakaza skrubu mpaka ukafika."

"Hebu niyaone hayo mawe."

Akapindua la kwanza. Jiwe la mizani huwa na tundu chini, limejazwa madini ya risasi ili litimize uzito. Hili tundu lilikuwa tupu, limekwanguliwa kwa kisu. Yote matano, hivyo hivyo. Loo! Kila Jumatatu Atupele aliyabeba, asiyapindue hata siku moja. Nani naye hupima jiwe?

"Ni huyo huyo Salum!" Abdulwahab akafoka. "Si alikuwa anashinda humu? Kaharibu mawe ili afiche wizi wake. Ataozea jela!"

Atupele akatazama mlangoni. Alisimama hapo mlinzi wa ghala, Rubeni, mumewe, na gobore lake begani na mfuko wa goroli shingoni. Nguruwe pori walikuwa wamelimaliza shamba lao la Ihanda, na Rubeni alikuwa akiyeyusha risasi kwenye kopo jikoni, akitengeneza goroli za gobore. Alisema kainunua kwa fundi betri. Atupele akaamini, maana wiki ile walikula nyama.

Rubeni akamtikisia kichwa, kidogo tu. Akifungwa yeye, mtoto wao Tabita atasomeshwa na nani? Atupele aliogopa, jamani, aliogopa kweli. Akageuka, akakutana na macho ya Nuria pale getini.

"Baba Tabita, leta huo mfuko wa goroli."

"Mama Tabita, acha."

"Leta, baba."

Rubeni akauvua mfuko shingoni. Bwana vipimo akaondoa mawe yake, akapanga yale ya ghala. Mshale ukasimama mia. Atupele akamimina goroli juu ya mawe hayo. Mshale ukapanda, ukaishia karibu kabisa na pale ulipofikishwa na mawe ya bwana vipimo.

"Bado kidogo," bwana vipimo akasema.

"Hicho kidogo kilimuua nguruwe," Atupele akasema. "Tulimla sisi."

Nuria akainuka, akakaza mbeleko, akamwambia Atupele: "Twende ukamtoe mume wangu."

Rubeni akaegemeza gobore ukutani, akawafuata bila kuambiwa.