Toleo la Jana

Kinasih aliweka toleo jipya la programu ya tiketi, akaliondoa la jana, akatazama kumbukumbu iliyotumika kwenye seva, kompyuta kuu ya kampuni yao ya mabasi. Badala ya kushuka, ilipanda.

"Kaka Bagas, mbona hivi? Nimeliondoa, lakini seva inajaa kana kwamba bado limo."

"Limenuna, halitaki kuhama," alisema Bagas, mwenzake kazini. "Au ni swaumu inakuzungusha, dada."

Kesho asubuhi zingeanza kuuzwa tiketi za mabasi ya kuwapeleka watu makwao kwa sikukuu. Seva ilikuwa imeshaelemewa mara moja wiki hiyo. Ikielemewa tena, Mama Retna, mkuu wao, angemrudisha Kinasih kwenye kupokea simu. Nauli zilibadilika kila siku, nao walibadilisha programu bila kuzima seva, kwa kuwa hiyohiyo ndiyo iliyoongoza mabasi yaliyokuwa njiani.

Alichungulia ndani ya kumbukumbu, akazidi kuchanganyikiwa. Matoleo yote aliyoyaondoa yalikuwemo, mazima. Kila moja lilishikiliwa na kazi ndogo ya kuhesabu viti vitupu, aliyoiandika mwenyewe.

"Lakini nilifuta!"

"Ulifuta mafaili. Nani aliiambia hiyo kazi iache kuhesabu?"

Hakuna aliyeiambia. Alidhani ingekufa pamoja na programu yake. Kumbe iliendelea kukimbia ndani ya seva, na kila ilipokimbia ilibeba toleo lake zima mgongoni.

Aliandika amri ya kuisimamisha kazi hiyo kabla programu haijaondolewa. Kumbukumbu haikushuka hata kidogo. Machozi yakamlengalenga.

"Hiyo dawa ni ya kazi zitakazokuja," Bagas alisema kwa upole. "Za zamani hazijui amri yako. Hapo ni kuzima seva tu. Nenda kwa Mama Retna."

Kinasih alisimama mlangoni kwa Mama Retna.

"Sema, mwanangu. Sing'ati, nimefunga."

"Naomba tuzime seva. Magharibi. Madereva wote watasimama kufuturu."

Mama Retna aliangalia saa. "Na wakimaliza chai kabla seva haijawaka?"

"Sijui, mama. Nadhani itawaka."

Adhana ya magharibi ilipolia mjini Semarang, walizima. Iliwaka kabla Bagas hajamaliza tende. Kinasih aliweka programu, akaiondoa, akaiweka tena. Kumbukumbu ilipanda, ikasita, ikashuka.

"Rudia," alisema Mama Retna nyuma yake.

Akarudia. Ikashuka.

"Kesho kaa hapahapa, simu atapokea Bagas."

"Mimi tena? Nimekosa nini?" Bagas aliuliza, mdomo umejaa.