Gari Jepesi la Octavian

Octavian alishuka kwenye pikipiki pale kwa Nassib, fundi wa kuchomelea wa Ifakara, akaiona fremu ya gari lake. Paipu nyembamba alizokusanya miezi mitano hazikuwepo. Nyingine alizitoa kwenye baiskeli mbovu za Mkula, nyingine kwenye vitanda vilivyotupwa huko Kidatu alikofanya kazi ya ufundi mpaka akastaafu. Mahali pake palikuwa na vyuma vizito vya engo, vya kona, vya inchi mbili, vimepakwa rangi nyekundu.

"Shikamoo mzee," Nassib alisema, akitabasamu. "Zile paipu zako zingetuaibisha. Nimekuwekea chuma cha maana. Na sidai nyongeza, wewe ni baba yangu."

Octavian aliitikia marahaba, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Hii ilikuwa mara ya tatu. Fundi wa Mkula alimwongezea sakafu ya chuma kizito, kwa huruma. Viktor, fundi wa bajaji, aliyakataa magurudumu membamba akampa ya kirikuu, kile kigari cha mizigo, kwa heshima. Kila alipotamka neno "jepesi", watu walitazama kandambili zake, wakaona mzee hana uwezo, wakamsaidia kwa chuma. Utamgombezaje mtu anayekutendea wema? Alikuwa amechoka kushukuru.

Wepesi ndio uliokuwa maana ya gari lenyewe. Mke wake, Getrude, anaumwa nyonga, na kila Alhamisi anatakiwa kufanya mazoezi hospitalini Ifakara, lakini pikipiki inamtonesha. Kati ya nyumba yao, nje ya Idete, na barabara kuu kuna tope la majaruba ya mpunga ambalo masika humeza gurudumu lolote. Masika ya mwaka jana Getrude alihamia mjini kwa dada yake, Dorotea, miezi minne mizima. Octavian alikula peke yake hadi akawa anaongea na sufuria, na kuna siku alilia. Ndipo akaapa kuunda gari la watu wawili, la injini ya pikipiki, ambalo likikwama ataweza kulinyanyua mwenyewe.

Alisimama, akashika fremu kwa nyuma, akavuta. Mgongo ulilia, fremu haikutikisika. Nassib akaita mafundi wenzake wanne, wakainyanyua huku wakicheka.

"Si umeona, mzee? Linanyanyuka."

"Kule kwenye tope tutakuwa wawili," Octavian alisema, "na mmoja wetu ndiye mgonjwa."

Nassib aliacha kutabasamu. Alizitazama engo zake.

"Paipu zako nilizitupa kwenye chuma chakavu, lori limeshabeba," alisema kwa sauti ya chini. "Nitakutafutia nyingine, nilikate upya. Nipe wiki tatu, baba."

Wingu la masika lilikuwa limeshafunika milima ya Udzungwa. Octavian alitoa simu akampigia mkewe.

"Limekwisha?" Getrude aliuliza.

"Limekuwa zito, Mama Natalia. Mpaka wiki tatu."

Getrude hakulalamika, na hilo lilimuuma Octavian kuliko lawama.

"Huku imeanza kunyesha," alisema. "Nitamwita Ignas wa bodaboda leo hii, kabla njia haijafunga. Nitajikaza. Mwambie Dorotea nakuja."

"Ngoja basi nije nikufungie nguo."

"Nilishazifunga tangu Jumapili, Baba Natalia."