Mateka wa Darasa la Nne

Shule ya Haika ilipopiga simu nilikuwa nimemshika mzee wa watu kwapani, namsaidia kutoka kitandani kwenda kwenye kiti. Sikupokea. Ikapigwa tena. Ya tatu nikamwachia mwenzangu yule mzee, nikatoka kwenye korido, na mwanamke mmoja akaniambia kwa upole uliozidi kwamba nifike shuleni leo, kabla watoto hawajatoka, na kwamba nisiongee na Haika kwanza. Nikauliza kama ameumia. Akasema hapana, yuko salama. Neno hilo nalijua mimi. Sisi tunaotunza wazee tunalitumia tukiwa tumeshaita polisi.

Ndani ya basi sikuona mitaa ya Hounslow, huku London, wala watu wake. Nilikuwa na wazo moja tu kichwani: amejua.

Mama yake Haika, wifi yangu Placida, alifariki Moshi mwezi wa pili. Presha, siku mbili hospitali, basi. Sasa ulikuwa mwezi wa sita na mtoto alikuwa hajaambiwa. Ndivyo tulivyoamua, au niseme ndivyo kaka yangu Geofrey alivyoamua na sisi wengine tukaitikia. Geofrey anaendesha lori, nyumbani anaonekana Jumamosi na Jumapili. Alipokwenda kuzika alimwambia binti yake anakwenda kumsaidia mama mambo ya viza. Aliporudi akatukalisha jikoni akasema mtoto asiambiwe kitu mpaka Agosti, atampeleka mwenyewe Kibosho, kijijini kwetu Moshi, akaambiwe kule kule, penye bibi yake na watu wa kumshika. Kwetu habari ya msiba haitupwi tu kwa mtoto. Hutafutiwa siku, mahali, na mtu wa kuisema. Nikakubali. Kila Haika alipouliza mama anakuja lini nilimjibu mwezi ujao, na nilijiona mtu mwema kabisa, Mungu anisamehe.

Waliniweka kwenye chumba chenye viti vya watoto, magoti yakawa karibu na kidevu. Mwalimu wake nilimfahamu, Miss Jasmeet, msichana wa Kipunjabi mwenye macho ya kukosa usingizi. Kando yake alikaa mama mmoja wa Kizungu mwenye kadi shingoni, ndiye msimamizi wa usalama wa watoto. Katikati yao kulikuwa na daftari la Haika. Tuliongea Kiingereza, ila nawawekea kwa Kiswahili maana hasira zangu ziko kwa Kiswahili.

"Nyumbani mnaishi nani na nani?" akauliza yule mwenye kadi.

Nikamtajia. Mimi, Haika, baba yake mwisho wa wiki, na Zephaniah, mpangaji wetu wa chumba cha juu, anayepakia mizigo uwanja wa ndege.

"Huyu Zephaniah humwitaje Haika?"

Swali gani hilo? Nikasema humwita majina mengi. Akanisogezea daftari.

Jasmeet akanieleza. Darasa la nne wanasoma habari za Roma ya kale. Wiki ile walikuwa wamefika kwa watoto wa Kleopatra, malkia wa Misri. Alipokufa, wanawe watatu, mapacha na mdogo wao wa kiume, walichukuliwa mateka hadi Roma, wakatembezwa barabarani katika gwaride la ushindi, kisha wakalelewa nyumbani kwa dada wa yule yule aliyewashinda. Wanafunzi waliambiwa wajifanye ni Selene, yule pacha wa kike, waandike shajara yake. Wenzake waliandika ukurasa mmoja. Haika aliandika kurasa kumi na moja.

Nikasoma.

"Mimi ni binti wa Mangi," aliandika, maana mtoto anajua kwamba kwa Wachaga mfalme ni Mangi. "Nilitekwa vitani. Aliyeniteka anaitwa Zephanius, anaishi ghorofani. Kila asubuhi ananiambia baba yangu hajaleta ng'ombe wa kunikomboa, kwa hiyo nitamchemshia chai mpaka nizeeke. Pasipoti yangu imefichwa kwenye kopo la biskuti, chini ya nyuzi. Siruhusiwi kufungua mlango wala kusema tunaishi namba ngapi. Wakija wageni nakunja goti, nawamwagia maji ya kunawa, na wao wanakula kwanza. Jumapili mlinzi wangu ananibana kichwa kwenye magoti yake ananisuka mpaka macho yanavutika."

Mlinzi nilikuwa mimi.

Nilisoma tena, na kila kitu kilikuwa kweli, ndicho kilichonitia kichaa. Kopo lipo, nyuzi zipo, hata hiyo misuko ya Jumapili. Nikamwangalia yule mama na kadi yake, nikaona anavyoniangalia, na hapo nikaelewa kwamba mbele yake nilikuwa mwanamke anayefuga mtumwa.

"Mimi?" nikasema. "Mimi ninayeamka alfajiri kumpikia uji wa ulezi, tena anaukataa? Pasipoti ningeiweka wapi, kwenye kapu la nguo chafu? Na mtoto wako wewe, wageni wakija anawatemea mate?"

Jasmeet akashika mdomo. Yule mama akaandika.

Nikavuta pumzi, nikaeleza habari za utani. Nikasema Zephaniah ni Mpare, sisi ni Wachaga. Zamani babu zake na babu zetu walitekana wao na ng'ombe wao. Vita vikaisha, tukabaki watani. Mtani ana ruhusa ya kukuita mwizi, mateka, mla mbwa, na wewe unamrudishia. Hakuna anayekasirika, na ukikasirika unachekwa. Ukifiwa ndiye anayekuja kuwachekesha waliofiwa. Haika mwenyewe humwita bahili, humwambia chai yake ameichemsha kwa majani ya juzi ili asipate hasara.

"Naweza kuongea naye?" akauliza yule mwenye kadi.

Kosa langu lilikuwa kukubali. Nikampigia, nikaweka spika, nikamwambia Zephaniah, niko shuleni kwa Haika na walimu, ongea Kiingereza. Punguani yule hakusubiri nimalize.

"Shikamooni walimu! Mateka wangu katoroka?" akapiga kelele kwa Kiingereza safi kabisa, nyuma yake ndege inanguruma. "Mwambieni bila ng'ombe hatoki!"

Nikakata simu. Nilitamani zulia linimeze.

Aliyeniokoa ni Jasmeet. Alicheka, kicheko kile cha kumtoka mtu bila kutaka, akamwambia mwenzake kwamba hata yeye ana mjomba Southall aliyemwambia utoto mzima kwamba alimnunua kwa muuza nyanya. Yule mama hakucheka, lakini aliweka kalamu chini. Akasema atapenda kuja nyumbani kutuona, na kuongea na huyo bwana ana kwa ana. Nikasema aje, na aje na njaa. Nilianza kukusanya mkoba wangu. Ni hivyo tu? nikajiuliza. Ni Zephaniah na ng'ombe wake? Nilisikia raha, kwa sababu siri yetu ilikuwa bado nzima.

"Shangazi yake Haika," akasema Jasmeet, na hakuwa anacheka tena. "Hayo ndiyo mwenzangu alitaka kuyajua. Mimi nilikuitia ukurasa wa mwisho."

Akanifunulia yeye mwenyewe.

"Leo tulitembezwa kwenye gwaride. Mbele yetu walibeba sanamu ya mama amelala kitandani na nyoka mkononi. Ndipo nilipojua kwamba amekufa. Watu wote barabarani walikuwa wanajua. Wauza mikate walijua. Watoto wao walijua. Zephanius alijua, ndiyo maana siku zile alinitania kwa sauti kubwa kuliko zamani. Mimi tu ndiye sikujua, na alikuwa mama yangu, si mama yao.

"Sikulia. Mlinzi wangu ameificha habari hii kwa bidii sana. Nikimwuliza mama anakuja lini anasema mwezi ujao, halafu anaingia bafuni anafungulia maji. Nikimwambia kwamba najua, atakuwa ameteseka bure. Kwa hiyo kila Jumapili namwuliza tena, ili afikiri bado sijui."

Niliwaza Jumapili ile ya juzi. Kichwa chake magotini kwangu, kitana mkononi mwangu, na swali lake, kwa sauti ile ile ya kila wiki: shangazi, mama lini? Nami nikamjibu. Mtoto wa miaka tisa alikuwa ananipa nafasi ya kumdanganya, na mimi naichukua, na mtu mzima pale alikuwa yeye.

"Darasani niliwaambia hatujui watoto wale waliambiwa lini habari za mama yao," akasema Jasmeet. "Haika akanyoosha mkono. Akasema hawakuambiwa, walijionea wenyewe. Nikamwuliza amejuaje, akasema anadhani tu." Akalifunga daftari. "Kwenye fomu zetu mama yake yuko Tanzania, anasubiri viza. Ni kweli?"

"Amekufa," nikasema. "Mwezi wa pili."

Ndiyo kwanza nilisikia neno hilo likitoka kinywani mwangu. Miezi minne nilikuwa nasema ile habari, lile jambo, mambo ya Moshi. Yule mama mwenye kadi akaondoa kadi shingoni akaiweka mezani, sijui kwa nini, akainuka akanimiminia maji. Hakuna aliyenigombeza. Afadhali wangenigombeza. Nikawaambia kuhusu Agosti na Kibosho na kaka yangu, nikajisikia naongea upuuzi, ingawa asubuhi ya siku ile ile ungeniuliza ningekuapia kwamba hiyo ndiyo njia ya heshima. Nikaomba waniletee mtoto wangu.

Haika aliingia na mkoba wake mgongoni, soksi moja juu moja chini. Akaliona daftari kwanza, kisha mimi.

"Am I in trouble?" akamwuliza mwalimu wake, yaani kama ana kosa. Kiswahili anakisikia chote, lakini miaka miwili ya London imemfundisha kujibu kwa Kiingereza.

Jasmeet akasema hapana, akamvuta mwenzake wakatoka nje. Nikabaki na mtoto na vile viti vidogo.

"Umejuaje?" nikamwuliza. Sikuwa na swali la maana zaidi ya hilo.

"Tivii," akasema.

Sikuelewa. Akanieleza polepole, anavyonieleza mambo ya simu. Siku ya mazishi niliangalia matangazo ya moja kwa moja kutoka Kibosho kwenye simu yangu, kazini, nimejifungia chumba cha kubadilishia nguo, naziba mdomo kwa taulo. Tivii ya sebuleni inatumia akaunti yangu ile ile ya video. Kesho yake alipotoka shuleni akaiwasha atafute katuni, na picha ya kwanza kumtokea ilikuwa ya mama yake, kwenye fremu yenye maua, imeandikwa Mazishi ya Mpendwa Wetu Placida. Tivii ikamwuliza kama anataka kuendelea pale alipoishia.

"Ukaangalia?"

"Yote. Kidogo kidogo, ulipokuwa jikoni. Ilikuwa masaa manne. Sauti niliizima nusu."

Mimi nilikuwa upande wa pili wa ukuta, nakaanga samaki. Nikashuka kwenye kile kiti nikapiga magoti kwenye zulia la shule, mimi na yunifomu yangu ya kazi, nikamshika mikono miwili. Nikamwambia nisamehe mama. Nikamwambia tulikosa, mimi na baba yako, tulikosa vibaya, na leo leo baba yako ataambiwa aache lori aje. Nikamwambia lia, mwanangu, hakuna mtu wa kumfichia tena. Nililia mimi. Yeye aliniangalia tu, akanifuta shavu kwa mkono wa sweta.

"Shangazi," akasema, na sasa alikuwa anaongea Kiswahili, kile cha Moshi alichokuja nacho. "Naomba kuuliza kitu. Yule MC aliposema watoto wa marehemu wapite waweke shada, mbona kamera ilikuwa inazunguka zunguka?"

Nilikikumbuka kile kipande. Nilidhani simu yangu imekwama.

"Ilikuwa inatafuta," nikasema. "Mama yako hana mtoto mwingine. Ni wewe peke yako."

Akatikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyepata jibu alilolitegemea.

"Mimi nilisimama," akasema. "Alipoita watoto nilisimama, pale pale mbele ya tivii. Akaita tena mara ya pili. Halafu akaita wafanyakazi wenzake na mama."