Shali za Kiritiri

Daktari Gatwiri alipoingia mwaka wa mwisho wa masomo ya ubingwa wa watoto wachanga pale Embu, hakuwa na shaka hata chembe juu ya nafsi yake, na kwa kweli hakuwa na sababu ya kuwa nayo. Mshipa wa mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, ambao wenzake waliutafuta mpaka jasho likawatoka, yeye aliupata kwa jaribio la kwanza la sindano huku akiendelea na kisa alichokuwa akiwasimulia wauguzi. Kilichobaki ni utafiti tu. Bila utafiti hakuna ubingwa, hata uwe hodari namna gani.

Swali la kwanza alilompelekea msimamizi wake, Profesa Kailemia, lilitaka kujua kwa nini watoto wachanga hufa. Profesa alisoma mstari mmoja, akavua miwani, akamwambia hilo ni swali la kumtosha mtu maisha yake yote. Aende wodini, asimame, atafute kitu kimoja kinachomkera. Gatwiri alinuna siku nzima. Kesho yake akaenda akasimama wodini.

Kilichomkera ni watoto waliorudi na homa. Walikuwa wametoka hospitalini wazima, kisha siku si nyingi mama anarudi mbio na mtoto mwili moto. Homa ya mtoto mchanga si ya kuchezea. Atachomwa sindano mkononi, atachomwa ya mgongoni kuangalia kama vijidudu vimefika kwenye ubongo, kisha alazwe kwa dawa na mama yake alale kitini. Wengi wa hawa, majibu ya maabara yalirudi safi. Gatwiri akaanza kuuliza walikotoka, na jina likawa lile lile, Kiritiri na vijiji vyake, kule Mbeere kwenye jua. Kutoka Kanja, upande wa juu wenye baridi, ni kama hakuja yeyote.

Basi akapata swali lake. Je, ni ugonjwa, au watoto hawa wamefunikwa kupita kiasi? Kamati ya maadili ya utafiti ilimsumbua kweli kweli. Ilimrudisha tena na tena mpaka akaandika kwa lugha ambayo hata mlinzi wa lango angeielewa: mtoto anayeonekana mgonjwa atatibiwa papo hapo, bila kungojewa. Ni yule tu mwenye homa lakini anayenyonya vizuri na kuchangamka, na ambaye mama yake amekubali, ndiye atakayevuliwa nguo za ziada, awekwe titini, apimwe tena baada ya saa moja, naye daktari akiwa hapo hapo.

Njoki wa Kiritiri alikuwa miongoni mwa mama hao. Alifika akitetemeka, mtoto wake wa kiume mwekundu usoni, na Gatwiri akaanza kumvua kama anayemenya kitunguu: shali, shali nyingine, blanketi, sweta, kofia ya sufu. Ndani kabisa alikuwamo mtoto mdogo mwenye jasho shingoni na njaa ya kweli. Saa ilipoisha, joto lilikuwa limeshuka, mtoto amelala fofofo, wala hakuna aliyemgusa kwa sindano. Njoki alilia, kwa maana njia nzima alikuwa amejiambia kwamba anakwenda kumwacha mwanawe huko. Gatwiri alifurahi mpaka akajiona mjinga. Hata hivyo alimweka chini ya uangalizi hadi kesho yake, kama kamati ilivyotaka, na mtoto hakupata homa tena.

Wiki iliyofuata alikwenda Kiritiri kuwatazama nyumbani kwao. Adhuhuri jua lilikuwa limekaza na mabati yakilia juu ya paa. Mama mkwe wa Njoki, Cucu Cicily, yaani Nyanya Cicily, alimkaribisha kwa chai, akamwonyesha mjukuu. Alikuwa amefunikwa tena, shali mbili. Cucu alieleza bila wasiwasi kwamba ni za shangazi zake, na shangazi aliyeleta shali akija kumwona mtoto hutaka kuikuta mwilini, la sivyo atasema zawadi yake imedharauliwa. Gatwiri akaanza kufundisha, na sauti yake ilikuwa na ukali kidogo, ule wa mtu aliyekwisha kupata jibu la utafiti wake.

Cucu alimsikiliza mpaka mwisho.

"Shali za shangazi ni hizo mbili tu, daktari," akasema. "Ile blanketi, ile sweta na ile kofia ulizomvua kule ni nyinyi. Si mlimwambia mama yake asimtoe hospitali bila hizo?"

Gatwiri akaweka kikombe chini. Walikuwa wamesema. Yeye mwenyewe aliyasema maneno hayo kila asubuhi, kwa kila mama aliyeruhusiwa kwenda nyumbani: nguo tatu, blanketi, sweta, na kofia juu. Yalikuwa mashauri ya Profesa Kailemia, aliyoyaanzisha alipokuwa daktari kijana huko Meru, ambako baridi iliwaua watoto na yeye akawaokoa wengi. Akaja nayo Embu, yakabandikwa ukutani. Gatwiri naye ni mtoto wa Ruiri, huko huko Meru, amekulia ndani ya sweta chini ya mlima. Wangeyatilia shaka vipi, watu wawili wa baridi?

Rafiki yake wa darasani, Nyaga, alipoisikia habari hiyo alicheka, kisha akaacha kucheka. Akamshauri aandike kwamba chanzo ni mazoea ya jamii, aache mambo ya ukuta.

"Andika ni mila, Gatwiri. Mila haikusainii digrii. Anayesaini ni Kailemia."

Aliiandika sentensi hiyo. Alipoisoma, akamwona Cucu Cicily na birika lake la chai akisingiziwa kosa la watu waliosoma, na aibu ikampanda. Akaifuta. Hofu alikuwa nayo, sitasema hakuwa nayo, lakini hesabu zake zilikuwa sawa na alijua ziko sawa.

Siku ya kutetea utafiti alisimama mbele ya jopo, Profesa ameketi katikati, na akasema wazi kwamba mama wa Kiritiri walifanya walivyoambiwa na hospitali. Mtu mmoja alikohoa. Profesa akavua miwani.

"Na watoto wa Kanja?"

"Wa Kanja wafunikwe vile vile ulivyosema, Prof. Nilipanda huko nikawapima, na uko sawa kabisa."

"Na Kiritiri?"

"Kiritiri hatukuwahi kupima kabla ya kuwaambia. Wewe hukupima, na mimi nikarudia yako."

Profesa aliifuta miwani yake kwa ncha ya tai, polepole, akairudisha usoni.

"Sikupima," akasema. "Endelea, ukurasa unaofuata."

Alipita. Lakini hilo halikumgusa Gatwiri kama asubuhi iliyofuata, walipozunguka wodi. Ukutani palikuwa na alama nne za gundi, na mashauri hayapo. Profesa alisimama kwenye kitanda cha kwanza, mbele ya mama aliyekuwa amefungasha tayari kuondoka, na badala ya kuanza na nguo tatu, akauliza, "Nyumbani ni wapi, mama?"

Mama akasema Kiritiri. Profesa akainama, akamvua mtoto kofia, akamvua blanketi na sweta, akamwachia kitambaa chepesi. Kisha, bila kugeuka, akanyoosha mkono nyuma na kumpa Gatwiri zile nguo azikunje.