Mkia wa Kalamu ya Mzee Yeseri

Naome aliukuta nyuma ya meza ya marehemu baba yake, Mzee Yeseri, alipokuwa akifagia chumba chake pale Kasese. Kilikuwa kijiti cheusi, chembamba upande mmoja kama mwiba wa nungu, na upande mnene kilikuwa na mikato ya skrubu. Alidhani ni kipande cha redio mbovu. Akampelekea mama yake, Tabisa, aliyekuwa uani akichambua maharage.

Mama akakipangusa kwa kitenge chake. "Huu ni mkia wa kalamu ya baba yako."

Kalamu hiyo ya wino, ya kijani, ilikuwa imesimama miaka yote mezani kwenye kitako chake cha jiwe, na ilipotea siku chache baada ya mazishi. Ni kwa sababu yake Pretty alifukuzwa. Pretty, binti wa Sajini Lokwang wa kambi ya askari, ndiye aliyemuuguza mzee mpaka akakata roho: alimgeuza, akamlisha, akamsafisha. Siku kalamu ilipopotea Naome alikuwa amepanda kijiji cha Mahango, mlimani, kurudisha masufuria ya watu yaliyoazimwa msibani. Aliporudi jioni, akasimuliwa kwamba mdogo wake, Bwambale, alilimwaga begi la Pretty uani mbele ya watu, mpaka nguo za ndani. Kalamu haikuonekana. Akamfukuza hivyo hivyo.

"Kama ni Pretty aliiba," Naome aliuliza, "mbona aliacha mkia?"

"Asingeuacha. Hata kuufungua asingejua." Mama aliweka ungo chini. "Ile kalamu ina sura mbili, mwanangu. Nyumbani baba yako aliifunga mkia, ikakaa kwenye kitako. Akisafiri aliufungua, akaweka kifundo kifupi mahali pake, akaivika kifuniko chenye klipu, ikawa ya mfukoni. Utasema si yenyewe."

"Hicho kifundo na kifuniko alikuwa anaviweka wapi?"

Mama aliuinua ungo tena. "Kwenye koti lake la kijivu," alisema.

Koti la kijivu alivikwa Bwambale kando ya kaburi siku ya mazishi, alipotangazwa mrithi.

Naome hakungoja chakula. Alikwenda moja kwa moja mpaka kambini, akamkuta Lokwang nje ya nyumba yake amevaa kandambili. Akamweleza yote. Lokwang alisikiliza bila kumkatiza, kisha akainuka. "Ngoja nivae kiatu."

Bwambale alikuwa na ofisi Bwera, mpakani, akiwashughulikia wafanyabiashara makaratasi ya kuvusha mizigo kwenda Kongo. Walimkuta na mteja, mama mmoja wa Kasindi, upande wa Kongo, aliyekaa kwenye benchi na furushi lake. Kalamu ya kijani ilikuwa mfukoni mwa shati la Bwambale, klipu iking'aa.

"Hiyo kalamu umeipata wapi?" Naome aliuliza, bila salamu.

"Nimenunua Kampala." Bwambale alimtupia jicho Lokwang. "Karibu, afande. Iko shida?"

"Hii ni ya baba."

"Dada, acha. Ya baba ilikuwa ya mezani, iko na mkia murefu. Hii ni ya mfukoni. Hata kipofu anaona."

Naome alinyoosha mkono akaichomoa kabla Bwambale hajajikinga. Akashika kile kifundo cha nyuma, akakizungusha. Kilitoka. Chini yake palikuwa na mikato ya skrubu. Akatoa mkia kwenye mkoba, akaufunga taratibu, meno yakiwa yameumana. Ukaingia mpaka mwisho. Akapitisha ukucha pale vilipoungana, haukukwama popote.

Yule mama wa Kasindi alijisogeza mbele. "Iko kitu moja," alisema. "Mutu moja ndiye alitengeneza."

Bwambale alijifuta uso. "Sasa mimi ni mwizi? Mimi ndiye mrithi. Nilichukua kabla ukoo haijakaa kugawa, kwa sababu najua wazee wangempa baba mdogo Ezironi. Mutu hawezi kuiba kitu yake."

"Kama ni yako," Naome alisema, "begi la Pretty ulilimwaga kwa nini?"

Bwambale alianza kupanga makaratasi mezani.

"Nimekuuliza, Bwambale. Ulijua iko wapi. Ilikuwa kwenye koti ulilovaa, na wewe unapekua chupi za binti wa watu. Kwa nini?"

"Watu walianza kuuliza," alisema, akitazama meza. "Ilibidi wapate mutu."

Naome aliinua mkono ampige. Lokwang ndiye aliyemshika kifundo cha mkono, pasipo nguvu, akaushusha.

"Simama," Lokwang alimwambia Bwambale.

Bwambale akasimama. "Afande, chukua kalamu. Mpe binti yako, tumalize."

"Kalamu sitaki. Mtoto yangu ulimuharibia jina mbele ya watu. Jumapili utakuja pale pale uani kwenu, uite watu wale wale, useme ukweli. Usipokuja, nitakuja kukuchukua."

Alikuja. Jumapili baada ya ibada ua wa Tabisa ulijaa: majirani, Ezironi na wazee wengine wa ukoo, na wake wa askari waliomsindikiza Pretty. Bwambale alisema maneno yake haraka haraka, kidevu kifuani.

"Sijasikia," Pretty alisema. "Siku ile ulipaza sauti."

Akarudia. Pretty akamtaka arudie tena, ataje na jina lote la aliyemsingizia, na Bwambale akalitaja. Kisha binti akamgeukia Tabisa, akapiga goti kumsalimu, akaomba radhi kwamba hataweza kukaa kunywa chai. Hakumpa Bwambale mkono.

Mmoja wa wazee alimwambia Naome sasa amsamehe ndugu yake, mambo yamekwisha.

"Yamekwisha kwako," Naome alijibu. Akakusanya vikombe vya chai ya suluhu vilivyokuwa bado vimejaa, akaimwaga chai yote nyuma ya jiko, kikombe kimoja baada ya kingine.