Kiti cha Mwalimu Adelard

Jumamosi ile jumuiya ilisali nyumbani kwa Tekla, Mtoni, na kiti kimoja kilibaki kitupu ingawa watu watatu walikosa pa kukaa wakasimama mlangoni.

Kilikuwa kiti kikubwa cha mninga, kazi ya mafundi seremala wa Keko, chenye mikono mipana inayobeba kikombe bila kuomba stuli. Walimu wenzake walichanga wakamnunulia Mwalimu Adelard, mume wa Tekla, siku ya kumuaga alipostaafu, miaka miwili iliyopita. Nailoni ya dukani ilikuwa haijatoka. Mwalimu mwenyewe alikataza isiguswe. "Nitakikalia siku mafao yakiingia," alisema. "Nataka nikae kama mstaafu, siyo kama mtu anayesubiri."

Basi akasubiri akiwa amesimama. Barua yake ya kuthibitishwa kazini haikuonekana kwenye jalada, naye akawa mtu wa kuamkia barabarani: leo ofisi hii, kesho ile, keshokutwa anaambiwa aende Songea alikoanzia kazi. Mwezi wa tano mwaka jana alianguka kwenye ngazi za ofisi, bahasha ikiwa kwapani, asiinuke tena. Mafao yalikuja, ndiyo. Yalimkuta Tekla amevaa nyeusi.

Na Tekla huyo ni mtu wa masijala. Kwa miaka ishirini na minane amepanga majalada ya watumishi wa manispaa, anajua nani hana cheti na nani ana barua mbili. Lakini hakuwahi hata mara moja kumwuliza mume wake, "Mwalimu, barua zako ziko wapi?" Hilo ndilo lililomkaa kooni, halimezeki wala halitemeki.

Sala ilipokwisha, mzee Kasiani, mwenyekiti wa jumuiya, alinyoosha mgongo akakitazama kiti.

"Mama Hope, hiki unamtunzia nani? Au mfuko wa pensheni wenyewe ndio utakuja kukikalia?"

Watu wakacheka. Kisha wakamkumbuka marehemu, wakaanza kutafuta viatu vyao.

Walipoondoka Tekla hakutulia. Alifagia alipokwisha kufagia. Alibandika chai, akaiepua kabla haijachemka. Mara tatu alifungua pochi kuangalia kama barua imo, kana kwamba ingeweza kutoka yenyewe. Ilikuwa barua ya kuomba kustaafu kwa hiari. Ilibaki miezi sita atimize hamsini na mitano, na kwa kuwa notisi ni miezi sita, akitaka kuondoka siku hiyohiyo ilimpasa aifikishe ofisini Jumatatu.

Binti yake, Hope, muuguzi wa kituo cha afya cha serikali, alikuwa uani anafua sare.

"Mama, unazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Umeamua?"

"Nikitoka sasa, pensheni itakuwa ndogo mpaka siku ya kufa kwangu. Nikingoja sitini ya lazima..."

"Ukingoja sitini utamfuata baba." Hope akauma mdomo, lakini neno lilikwisha kutoka. "Nisamehe. Ila chukua chako, mama. Wastaafu wanaongezeka kila mwaka, kikokotoo cha pensheni nacho hakitulii. Leo hela ipo, kesho nani anajua?"

"Na wewe je?"

"Sie?" Hope alikamua sare kwa nguvu, maji yakamrukia miguuni. "Mie nastaafu elfu mbili hamsini na ngapi huko! Wakifika kwetu watatugawia makabrasha tufungie vitumbua."

Tekla alitaka kucheka. Badala yake akasikia swali linamtoka, lile ambalo hakuliuliza kwa wakati wake.

"Barua zako ziko wapi?"

"Barua gani?"

"Ya ajira."

"Niliipiga picha."

"Picha iko wapi?"

"Kwenye ile simu iliyozama kwenye ndoo."

"Na ya kuthibitishwa kazini?"

Hope akaacha kukamua. "Walisema itakuja."

"Mwaka wa tatu huu, Hope!"

"Sasa nihangaikie nini, mama, kitu ambacho hakitakuwepo?"

Tekla alishika ukuta. Alimwona Mwalimu kwenye ngazi zile, bahasha kwapani, ila safari hii bahasha ilikuwa kwapani mwa mtoto.

"Mie sijui kama kitakuwepo," alisema. "Nani anajua? Lakini kikiwepo, sitaki nawe uzunguke mji mzima kuwathibitishia watu kwamba ulifanya kazi. Jumatatu naomba ruhusa, tunakwenda kwa mwajiri wako. Tunalifungua jalada lako karatasi kwa karatasi."

"Jumatatu si unapeleka barua yako?"

Tekla aliitoa kwenye pochi. Aliiandika jioni ya misa ya mwaka mmoja wa marehemu; hata sahihi ilikwenda upande. Akaisoma tena. Hakuona humo mtu aliyechoka kazi. Aliona mtu anayekimbia.

"Hii iliandikwa na woga," alisema, akaikunja mara nne.

Akaingia ndani, akachukua kisu cha jikoni. Hope alimfuata, mikono ikidondosha povu sakafuni, akamkuta amepiga magoti mbele ya kiti. Nailoni ilikuwa imekauka, ilipasuka kwa kelele kama mahindi yakichomwa jikoni. Harufu ya vanishi ikajaa sebule, mpya kabisa, kana kwamba kiti kimeletwa asubuhi ile.

Tekla alikaa. Kilikuwa kirefu kwake, visigino havikufika chini.

"Mama," Hope alisema polepole, "si mafao yako bado?"

"Bado. Miaka mitano na nusu." Akaweka mikono juu ya ule mninga mpana. Kidole kimoja kiligongagonga, kikashindwa kutulia. "Kausha mikono. Niletee kalamu, na lile jalada tupu la kijani lililo juu ya kabati. Tuanze na jina lako."